Kiti Chako Kimepewa Mwingine

4 Februari

Mwanangu,

Salamu kutoka kwenye kelele za vyerehani. Mimi mzima, ila mguu wa kukanyagia cherehani unanikumbusha umri kila kukiwa na baridi. Mkeo tumbo linaendeleaje? Mwambie aache kuinua ndoo, na wewe uache kujifanya huzioni zikiwa tupu. Naandika barua kwa sababu humu kiwandani nikishika simu tu, wasichana wangu wote wanasimamisha vyerehani na masikio yanawasimama. Simu ni ya mizigo na misiba.

Haya, keti. Shangazi yako anaolewa. Usicheke. Nimeshona magauni ya harusi ya watoto wa watu mpaka wengine nimewashonea mara mbili, na sasa zamu yangu imefika. Jumamosi ya mwisho ya Juni. Bwana mwenyewe unamfahamu, ni yule fundi mpaka rangi. Ndiyo, yule yule. Usiguse kipaji cha uso.

Nakuomba utengeneze kitu kwenye kompyuta yako cha kuwaalika watu na kupokea majibu. Ukoo wetu unaujua, kumpata mtu aseme atakuja au haji ni kung'oa jino. Asiyejibu usimhesabu kuja wala kutokuja. Mwandike "bado", akumbushwe kwa adabu. Wote waingie humo, hata mimi, nijue idadi ya viti.

Na yule mwenye nyumba yako mpelekee pia. Mwanangu, nasema mara moja tu. Huyo baba yako ndiye kaka aliyenilea wazazi walipoondoka. Alinipeleka shule kwenye baiskeli, na cherehani yangu ya kwanza ni yeye aliyeibeba begani. Siingii ukumbini mkono wangu ukiwa haumo mkononi mwake. Nimemwambia mchumba wangu: kaka asipokuja, hakuna harusi. Amekubali, ila amekonda kidogo.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazini wametubana na nyumbani mke wangu hataki harufu ya sabuni, kwa hiyo nafua mimi. Anakusalimu. Tumbo linapiga mateke, hasa mimi nikianza kueleza habari za kazi.

Hongera! Nimefurahi kweli kweli. Kile kitu kiko tayari, tena kizuri. Nimetengeneza kiolezo kimoja cha mgeni, kama wewe unavyokuwa na kiolezo kimoja cha sketi ukakatia sketi mia. Kwenye kiolezo nimeandika wazi: jibu la kuanzia ni "bado". Akijibu ndiyo, kitamshukuru. Akijibu hapana, kitamuaga kwa heshima. Asiyejibu atakumbushwa. Nimekijaribu mwenyewe, kinakwenda kama saa.

Baba hajambo. Mwaliko nilimchapia kwenye karatasi, ameusoma, akaukunja, akauweka chini ya redio. Nilimuuliza anauonaje, akasema chumvi imekwisha. Nikanunua chumvi. Nikamuuliza tena, akasema hii chumvi ni ya wapi.

Shangazi, nami niulize. Kosa la yule bwana ni lile la mlango tu, au kuna lingine? Maana mimi nilikuwa shule ya bweni, nilirudi nikakuta mlango wa mbele ni wa kijani na baba anaingilia jikoni. Mpaka leo anaingilia jikoni.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Gauni langu nalishona mwenyewe kwa sababu fundi ninayemwamini ni mmoja tu hapa mjini. Wasichana wanashauri mgongo uwe wazi. Nimewaambia mgongo huu umefanya kazi, uachwe upumzike.

Ni mlango tu, hakuna lingine. Ni mimi niliyempeleka mpaka rangi kwa baba yako. Baba yako alimwambia "nipakie mlango," akaondoka zake dukani kwake kutengeneza saa za watu. Rangi hakusema. Sasa yule bwana ana desturi yake: mteja asiposema rangi, anapaka kijani, eti kijani hakijawahi kumuudhi mtu. Kaka akarudi, akautazama mlango, akazunguka nyuma. Anasema, "Angeuliza." Mwenzake anasema, "Angesema." Nilipomwambia kaka kwamba hata yeye ana kosa kidogo, mimi nami nikahesabiwa kijani. Hajanisemesha tangu hapo. Ukistaajabu ya Musa!

Sasa kimya chake hiki unakisomaje? Mchumba wangu ananifariji, kunyamaza ni kukubali. Muuza vifungo wa hapa jirani, ambaye hakuna aliyemuuliza, anasema kimya nacho ni jibu, na jibu lenyewe si zuri. Tangu wiki iliyopita nashona mikono kinyume. Nimefumua blauzi ya mtu mara nyingi hata kitambaa kinanionea huruma.

Mchunguze kidogo kidogo. Usimbane.

Shangazi yako


8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Nimekukosea nini? Kama ni habari ya zile ndoo, ungeniambia. Leo niko kazini, mbele ya wenzangu, simu inalia, nasoma: "Tumepokea jibu lako kwamba hutafika harusini. Tunakuelewa. Kiti chako kimepewa mwingine. Tunakutakia maisha mema." Mimi sijajibu hapana! Kweli, sijajibu ndiyo pia, lakini mimi ni mwanao, nilidhani inajulikana. Hayo maneno niliyaandika mwenyewe, ndiyo maana yananiuma zaidi. Nimejaribu kukupigia, hupatikani.

Naomba kiti changu.

Mwanao


10 Aprili

We mtoto,

Salamu sina, nitakusalimu nikipoa.

Wewe unadai kiti? Panga foleni. Asubuhi hiyo hiyo nimefungua mlango wa kiwanda nikakuta watu nje kama nagawa kitu cha bure. Wa kwanza ni muuza vifungo, amefura mpaka kola imembana. "Mimi nimekukopesha sindano, leo unanifukuza kwa simu?" Wa pili mke wa marehemu mjomba, ambaye hata kutembea hatembei, siku hiyo katembea. Akanishika mkono akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyo aliyepewa kiti changu ananizidi nini?" Wasichana wangu wote wamepata. Mfungisha ndoa amepata! Amenitumia mtu aniulize kama nimepata ofisi nyingine.

Tulia, hujasikia. Bwana harusi amepata. Alikuwa juu ya ngazi, anapaka dari la shule. Akasoma, akashuka, akaja hivyo hivyo na brashi mkononi, rangi inamtiririka mpaka kiwiko. Akasimama mlangoni, akauliza: "Nimeachwa?" Mbele ya wateja, mwanangu. Nikamwambia hujaachwa, ila ukiendelea kunidondoshea rangi kwenye satini utaachwa.

Nikacheka. Kisha simu yangu ikalia, nikasoma kwamba na mimi sitafika kwenye harusi yangu na kiti changu kimepewa mwingine. Ndipo nikaizima, nikaitia kwenye kopo la vifungo, na haitoki humo mpaka niolewe.

Sasa nijibu lile ambalo sijauliza. Na yeye amepata?

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na samahani mara elfu. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta kosa, na nilipolipata nilikuwa natafuta uso wa kukuandikia. Mke wangu hajambo, amecheka mpaka mkunga akamwambia apunguze.

Kosa ni hili. Ile sehemu inayomjenga kila mgeni kutoka kwenye kiolezo, siku hizi hatuiandiki kwa mkono. Kuna kifaa tunakiomba kituandikie, nacho kinaandika haraka, kisafi, huna la kusema. Mimi niliandika kwenye kiolezo jibu la kuanzia liwe "bado". Kifaa kikatengeneza mjenzi wake, na mjenzi huyo akaliruka lile neno langu. Hakulikataa, hakulalamika, aliliruka tu. Mahali pa jibu akaacha wazi. Na mashine haikubali pawe wazi, isipoambiwa kitu inachukua jibu la kwanza kwenye orodha. Orodha niliipanga mimi: hapana, ndiyo, bado. Basi kila aliyenyamaza akawa amekataa.

Utaniuliza, si ulijaribu? Nilijaribu. Ila wale wageni wa majaribio niliwajenga mmoja mmoja kwa mkono, na kwa njia hiyo "bado" linakuja vizuri. Majina yako yalipokuja mengi nikayapitisha kwa mjenzi wa kifaa. Ni kama wewe uandike kwa chaki juu ya kiolezo "acha nafasi ya pindo", halafu msichana wako akinakili kiolezo kwenye karatasi mpya, akate vizuri kabisa, chaki asiinakili. Kuna alama ndogo ya kukiambia kifaa kiheshimu neno la kuanzia. Sikuiweka. Sikujua kama inatakiwa, na nikaona haya kumuuliza mtu. Sasa nimeiweka, na orodha nimeigeuza, "bado" iko ya kwanza. Watu wote wameombwa radhi.

Ndiyo, amepata.

Tulikuwa mezani. Akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena, safari hii kwa sauti. Kisha akamsomea mke wangu. Akasema, "Nani kasema siji?" Shangazi, niliangusha tonge! Nikamwambia, kwa hiyo unakwenda? Akanitazama. "Nani kasema nakwenda?" Kwa siku kadhaa akawa anazunguka nyumba nzima anaongea na makabati: mimi nipewe majibu ambayo sijayatoa, kwani nimekufa? Kiti changu apewe nani? Nani?

Ujumbe wa kuomba radhi ulipofika, ulioandika kwamba jibu lake ni "bado", mambo yakaharibika zaidi. "Mtu wa umri wangu naitwa bado?" Tangu hapo amefunga mdomo. Saa zenyewe anazitengeneza kwa hasira, nasikia koleo linavyolia.

Nimekuharibia. Najua kilichosimama juu ya jibu lake, na sijui niseme nini.

Mwanao


23 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mkeo je? Siku zake zimekaribia, usiende mbali.

Nimekusamehe. Habari ya chaki nimeielewa, tena nimeielewa kuliko nilivyotaka. Hapa watu wamepoa. Wote wamejibu ndiyo, wengine mara tatu kwa woga. Mke wa marehemu mjomba amekuja kukalia kiti chake mapema, nimemrudisha nyumbani.

Kaka usimuulize tena. Mtu kama yule ukimuuliza sana atasema hapana ili apumzike.

Nimekaa nikafikiri. Mimi namlaumu kaka kwa kunyamaza, na mchumba wangu namlaumu kwa kutouliza. Wewe nakulaumu kwa kuamini kifaa. Na mimi je? Kaka yangu nimemwalika kwa mashine. Nimemtumia salamu kupitia kwako, "yule mwenye nyumba", "na yeye", kama vile hana jina kwangu. Sijamwambia mimi, kwa mdomo wala kwa mkono wangu, hata neno moja. Nilidhani anajua. Yeye naye anadhani najua. Tumekaa miaka yote hii kila mmoja anamjibia mwenzake, na kila tukijibu ni hapana.

Naogopa, mwanangu. Gauni limekwisha, liko kwenye sanamu ya kuvalishia nguo, na nimelifunika shuka nisilione. Mpe kaka hiki kikaratasi. Hakina mengi, kimeandikwa: "Kaka, njoo. Nakuhitaji." Usisimame pale kumtazama usoni akisoma.

Shangazi yako


25 Juni

Shangazi!

Shikamoo. Namkabidhi barua hii dereva wa basi la alfajiri, ameapa atakufikishia mkononi. Simu yako bado imo kwenye kopo, nimepiga mpaka kidole kimechoka.

Mambo mawili. La kwanza, mke wangu amejifungua salama, msichana, ana sauti yako. Ndiyo maana hutaniona Jumamosi, roho inaniuma.

La pili, baba hayupo! Kikaratasi nilimpa zamani, akakisoma, akakitia mfukoni mwa shati, na kila shati likifuliwa anakihamishia jingine. Hakusema kitu na mimi sikuuliza, kama ulivyoniagiza. Jana nimerudi kutoka hospitali nikakuta kitanda kimetandikwa na viatu vyake vya ngozi havipo. Hakuaga. Hata mjukuu hajamwona. Majirani wanasema walimwona asubuhi amebeba koti begani, anatembea upesi.

Yuko huko? Nijibu haraka, nakuomba!

Mwanao


1 Julai

Mwanangu, baba wa binti yangu,

Hongera, hongera tena na tena! Nimepiga kigelegele peke yangu kiwandani, wasichana wakadhani nimechomwa na sindano. Mpakate mtoto kwa niaba yangu, na mama yake umpikie mambo mepesi. Ndoo sasa ni zako zote.

Baba yako alifika. Barua yako imenikuta naye yumo humu kiwandani, amekaa kwenye stuli ya fundi mkuu. Salamu hakutoa. Alisimama mlangoni, koti begani, akauliza kiwanda kizima, "Kiti changu kapewa nani?" Nikasema hakuna aliyepewa. Akasema, "Nimeambiwa kwa maandishi." Nikataka kucheka, nikalia badala yake. Nilimkumbatia hapo hapo, na pini zote zilizokuwa kifuani pangu zikamchoma. Hakusema "aa". Akasema tu nimenenepa. Tangu hapo, mpaka Jumamosi, alisema kama maneno kumi, mengi kuhusu saa yangu ya ukutani, ambayo sasa inakwenda. Bwana harusi alipita mara mbili kumsalimu. Mara zote mbili kaka alikuwa ghafla na kazi ndani ya ile saa.

Jumamosi akanishika mkono. Tumetoka hapa mpaka ukumbini kwa miguu, mkono wangu umo mkononi mwake, unajua alivyo na vidole vikavu. Hakusema kitu njia nzima. Mimi nilisema kwa ajili ya wote wawili.

Sasa sikiliza. Ukumbi umejaa, watu wamekalia viti vyao kwa nguvu zote, muuza vifungo ameshika cha kwake kwa mikono miwili. Mfungisha ndoa akafika pale pa kuuliza: mwenye pingamizi aseme sasa, asiye nalo anyamaze. Ukumbi ukawa kimya. Ni kimya cha kawaida, kila harusi inacho. Mimi mwenyewe nimeshakisikia nikiwa nyuma ya mabibi harusi wangu na uzi mdomoni. Mfungisha ndoa akashika kalamu aendelee.

Kaka akasimama.

Haki ya Mungu, mwanangu, nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Bwana harusi aligeuka rangi ambayo hata dukani hawaiuzi. Watu wote wakamtazama kaka, naye akaliweka sawa koti lake, akakohoa, akasema:

"Mimi nikinyamaza, kila mtu ananijazia lake. Nimejaziwa na mpaka rangi, nimejaziwa na mashine ya mwanangu, na mimi mwenyewe nimemjazia huyu mdogo wangu mambo ambayo hakuyasema. Leo sinyamazi. Andika: kaka yake yupo, na amekubali."

Mfungisha ndoa akamwambia kwa upole, mzee, hilo halihitajiki, kunyamaza kunatosha.

"Kwako kunatosha," kaka akamjibu. "Andika."

Na mfungisha ndoa akaandika.

Shangazi yako, na mke wa mtu